Banda la nguzo Malindi: umpe kontrakta, fundi wa leba, au vibarua wa siku?

Banda langu la kwanza, pale shambani njia ya Ganda, lilianza kuinama masika ya pili. Halikuanguka. Nguzo mbili za upande wa kusini ziliegemea ndani kidogo kidogo, mabati yakaachana kwenye mgongo wa paa, na marobota ya nyasi kavu niliyonunua kwa pesa za kukopa yakalowa na kuota ukungu. Nilipofukua mguu wa nguzo moja nikakuta mambo mawili. Shimo lilikuwa la futi moja na nusu tu. Na mti wenyewe, mvinje uliochimbiwa ukiwa mbichi bila kupakwa chochote, ulikuwa umeliwa na mchwa ukabaki ganda. Aliyenijengea nilimlipa pesa zake zote kwa simu, mimi nikiwa Mombasa, kwa kutazama picha alizonitumia. Picha zilikuwa nzuri. Hakuna hata moja iliyoonyesha shimo.

Tangu hapo nimejenga banda la pili, na shemeji yangu wa Mambrui naye amejenga lake, kila mtu na njia yake ya kuajiri. Kwa hiyo naweza kuziweka njia tatu ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni kumpa kontrakta kazi nzima, vifaa na ufundi pamoja. Ya pili ni kununua vifaa mwenyewe na kupatana na fundi bei moja ya leba mpaka banda limalizike. Ya tatu ni kuchukua fundi na vibarua kwa malipo ya siku. Bei nitaigusa, lakini swali ninalolitanguliza mimi ni hili: nani atakuwa amesimama shambani siku nguzo zinapoingia ardhini, na nani atarudi zikianza kuinama?

Kwa nini yote yanaishia kwenye mashimo

Nyumba ya mawe ina msingi, kisha kuta, kisha paa, na kila kimoja hukibebea chenzake mzigo. Banda la nguzo halina hayo. Nguzo ndiyo msingi na ndiyo ukuta. Uzito wa paa unashuka kwayo, na upepo wa kusi ukiingia chini ya paa upande ulio wazi na kulisukuma juu, ni nguzo hiyohiyo iliyofukiwa ndiyo inayolishikilia lisipae. Ndiyo maana ujenzi huu ni wa haraka na wa gharama nafuu. Wakulima wa Marekani waliuchangamkia miaka ya 1930 kwa kutumia nguzo kama zile za nyaya za umeme. Sisi wa pwani miti tumeijua kabla ya hapo. Ukiingia nyumba za kale za Lamu utaona vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kuvuka upana mkubwa bila kupinda. Somo hilo halijabadilika: ukitaka banda la upana wa futi 20, ama uweke kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilizopigwa hesabu, ama ukubali nguzo katikati.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tuelewane. Banda la futi 20 kwa 40, kimo cha futi 10 mpaka kwenye mtambaapanya (ule mti unaolala juu ya nguzo kubeba paa), nguzo kila baada ya futi 10. Hapo una nguzo 5 kila upande, jumla 10, na moja katikati ya kila ncha kushika mwamba wa paa: nguzo 12. Shimo liwe na kina cha futi 3 na upana wa inchi 18. Ukimwaga zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) kuzunguka nguzo katika mashimo yote 12, unahitaji karibu mita 1.5 za ujazo, yaani mifuko 10 hivi ya saruji ya kilo 50. Namba hii ibebe kichwani. Makadirio yakija na mifuko 4, hayo mashimo hayatakuwa ya futi 3. Yakija na mifuko 25, uliza mingine 15 inakwenda wapi.

Kontrakta wa kazi nzima

Shemeji yangu alishika njia hii kwa sababu anafanya kazi nje na nyumbani yuko mkewe na watoto wadogo. Alilipa zaidi kuliko mimi. Tukilinganisha banda kwa banda, alilipa zaidi sana. Lakini masika ya kwanza maji yalipovuja pembeni, alipiga simu moja, na baada ya siku tatu vijana wakaja na ngazi wakabadilisha misumari na kuziba. Kwenye mkataba wake iliandikwa kwamba asilimia 10 ya pesa itabaki mkononi mwake miezi sita, na kwamba kasoro yoyote ya ujenzi ndani ya muda huo ni juu ya kontrakta. Mimi nilipopata kasoro sikuwa na wa kumpigia. Namba ilikuwa haipatikani.

Faida ya kontrakta, basi, ni kwamba mtu mmoja anajibu kila kitu: vifaa vikipungua, kijana akianguka kutoka juu ya paa, nguzo ikipinda. Hilo la kuanguka watu wengi hulisahau. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kontrakta akiwa ndiye mwajiri, jukumu ni lake. Ukiwalipa wewe kwa siku, mwajiri ni wewe, hata kama hukuwahi kujiita hivyo.

Hasara yake si bei peke yake. Hapa kwetu mara nyingi kontrakta akishatia saini huwachukua mafundi walewale wa mtaani ambao ungewachukua wewe, akawapa leba ndogo, naye akahamia kazi nyingine Watamu au Kilifi. Ile faida unayomlipa ni ya usimamizi. Asiposimamia umenunua hewa. Kwa hiyo kabla ya kutia saini muulize nani atakuwa msimamizi wa saiti, jina lake liandikwe, na ni siku gani kontrakta mwenyewe atafika. Shemeji yangu aliandikisha siku mbili ambazo kazi haiendelei bila yeye: siku ya kufukia nguzo na siku ya kufunga kenchi.

Pia mtazame kama amesajiliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunayoiita NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na huwapanga makontrakta kwa madaraja kuanzia NCA 1 mpaka NCA 8, la 8 likiwa la kazi ndogo kuliko zote. Kwa banda la nguzo huhitaji mtu wa daraja la juu. Wa 7 au 8 anatosha kabisa, na huenda akakujali zaidi. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti kizuri ukutani chenye tarehe ya zamani si jibu. Orodha ya waliosajiliwa inaweza kutafutwa mtandaoni. Tafuta jina la kampuni kama lilivyo kwenye makadirio aliyokupa, si kama anavyojitaja kwa mdomo.

Fundi wa leba

Hii ndiyo njia niliyoishika mara ya pili, na nakiri naipenda. Unanunua nguzo, saruji, mbao, mabati au makuti wewe. Fundi anakuja na vijana wake na vyombo vyake, mnapatana bei moja ya kazi, basi. Fundi niliyempata ni mzee wa Ganda aliyejenga mabanda ya mbuzi na maghala ya mahindi tangu ujana wake. Nilimwambia kilichonipata. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, nguzo ikishafukiwa haina shahidi. Njoo uwe shahidi wewe."

Nikaenda. Nilichukua likizo ya siku nne. Mashimo yote 12 niliyapima kwa utepe kabla nguzo haijashuka. La tisa lilikuwa fupi kwa inchi saba kwa sababu kijana alikutana na jiwe la matumbawe. Mzee hakubishana, alimpa kijana mtaimbo, wakavunja, tukapima tena.

Ukiwa na uwezo wa kuwepo, njia hii inakupa kitu ambacho kontrakta hawezi kukupa: unajua kila shilingi imekwenda wapi. Risiti ni zako. Misumari iliyobaki ni yako. Ukitaka nguzo bora unalipa tofauti ya nguzo tu, hakuna anayeongeza faida yake juu.

Lakini jihadhari na mambo mawili. La kwanza, mafundi wengine hupiga leba kwa sehemu ya bei ya vifaa. Hapo orodha ya vifaa ikivimba, na leba inavimba. Kataa kwa adabu. Mwombe atazame mchoro na kiwanja, kisha ataje bei ya kazi kama kazi. La pili, orodha ya vifaa ikiwa na makosa, kosa ni lako. Vijana wakikaa siku mbili bila kazi kwa sababu ulisahau boliti, watadai siku zao, na wana haki. Mimi nilipeleka orodha ya fundi kwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, na la tatu ndilo lililonisaidia kugundua kwamba hatukuandika mikanda ya chuma ya kufungia kenchi kwenye nguzo. Bila mikanda ile paa linakalia nguzo kwa misumari tu, na kusi la mwezi wa Julai haliheshimu misumari.

Vibarua wa siku

Sitakaa sana hapa. Kwa banda dogo la kuku, au kibanda cha kuwekea kuni na majembe, malipo ya siku ni sawa na pengine ndiyo rahisi kuliko yote. Kwa banda la futi 20 kwa 40, wewe mwenyewe lazima uwe fundi, au uwe na fundi wa kukaa nao kila siku kutoka asubuhi. Siku ina bei lakini kazi haina mwisho. Mvua ikinyesha saa nne mnatazamana: siku imelipwa au haijalipwa? Nimeona jirani alivyomaliza pesa banda likiwa mifupa, akaezeka nusu, na nusu ikakaa wazi masika nzima mpaka mbao zikapinda. Hakudhulumiwa na mtu. Ni hesabu tu ya siku iliyomshinda.

Kuna na wale wa karakana wanaochomelea fremu nzima ya chuma na kuja kuisimamisha kwa siku mbili. Ndani kule Kakoneni au Marafa sina neno. Karibu na bahari, ambako asubuhi unafuta chumvi kwenye kioo cha dirisha, chuma kisichopakwa zinki kinaliwa upesi, tena kinaanzia pale kilipochomelewa. Ukichagua hicho, rangi ya kuzuia kutu iwe kazi yako ya kila mwaka.

Aina ya nguzo inabadilisha mtu wa kuajiri

Hili sikuliona likizungumzwa, nami nalipa uzito. Mti unaouchagua ndio unaokuonyesha unahitaji ujuzi gani.

Boriti za mikoko zinasifika kwa kustahimili mchwa, na mafundi wa zamani wanazijua kama viganja vyao: fito, pau, boriti, nguzo, kila unene na jina lake, na bei kwa korija, yaani miti 20. Lakini mkoko si mti wa kuokota. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma, jambo lililowagusa sana wakataji wa Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi. Leo muuzaji anatakiwa awe na leseni, na mzigo uwe na kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ukinunua mwenyewe, dai risiti na kibali. Ukimwachia kontrakta, andika kwenye mkataba kwamba vibali ni juu yake, maana mzigo ukikamatwa barabarani kazi inasimama na arbuni yako iko ndani.

Mvinje unapandwa tele mashambani mwetu, unakua upesi, umenyooka, na bei yake ni ya watu wa kawaida. Mchwa wanaupenda pia. Banda langu la kwanza ni ushahidi. Unaweza kutumika vizuri juu, kwenye makombamoyo na pau, mahali pakavu. Chini ya ardhi mimi siuweki tena.

Zipo nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, zile zenye rangi ya kijani kijani. Dawa hiyo ni chumvi ya shaba, kromu na aseniki, nayo huingia ndani ya mti badala ya kubaki juu. Nguzo 12 za namna hii ndizo zilizonikalia banda la pili. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo fundi asiyezijua anapoharibu pesa yako. Dawa haifiki kwenye kiini cha mti. Fundi akiona nguzo moja ni ndefu kuliko nyingine, mkono wake unakwenda kwenye msumeno, anakata mguu. Ule mguu uliokatwa ni kiini kitupu, na ndio anaoushusha ardhini. Mchwa hupandia hapo ndani kwa ndani, nje nguzo inang'aa. Mguu wa kiwandani lazima uende chini. Ikibidi kukata, kata juu, kisha upake dawa pale ulipokata. Njia iliyo bora ni kuzidisha kina cha shimo. Muulize kila unayemhoji, awe kontrakta au fundi: "Nguzo ikizidi urefu utakata wapi?" Jibu lake litakusaidia kuliko cheti. Na vipande vilivyokatwa visichomwe jikoni, wala unga wake usitandikiwe mbuzi. Aseniki ni sumu.

Pia kuna miti iliyopakwa rangi ya kijani ikauzwa kama ya dawa. Mwombe muuzaji akukatie kipande kimoja. Rangi ya dawa iwe pete pana kuzunguka mti wote, isiwe ngozi tu.

Shimoni, tandika kokoto inchi sita kwanza ili maji yapite, ndipo nguzo, ndipo zege, na juu ya zege paachwe mteremko wa kuyakimbiza maji yasisimame kwenye shingo ya nguzo. Shingo hiyo, pale mti unapokutana na ardhi, ndipo nguzo nyingi zinapooza. Maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi, hasa ukiwa na nondo ndani, na mchanga usiwe wa ufukweni. Kama shamba lako liko kwenye mchanga mtupu wa karibu na bahari, ongeza kina. Futi 3 za udongo mwekundu wa Magarini na futi 3 za mchanga unaomwagika si kitu kimoja.

Makuti au mabati

Kwa makuti tafuta fundi wa makuti. Sisemi fundi anayejua na makuti, nasema fundi wa makuti. Paa lake linataka mwinuko wa karibu digrii 45 ili maji yakimbie, wakati bati linaridhika na digrii 15. Kwa banda letu la mfano, likiwa na upenu wa futi 2 kila upande na futi moja na nusu kila ncha, paa la bati lina eneo la mita za mraba 100 hivi. La makuti linafika 136. Kwa hiyo anayekuambia makuti ni nafuu, muulize kama amehesabu theluthi hiyo iliyoongezeka, na mbao zake, na kwamba baada ya miaka michache utaezua na kuezeka upya. Patana pia nafasi ya safu: kati ya safu ya kila inchi 4 na ya kila inchi 8, makuti yanapungua nusu, na chini huwezi kuiona tofauti mpaka mvua ije. Makuti ni baridi, mifugo inatulia. Lakini mimi ninaweka nyasi kavu, na moto ukiingia juu ya nyasi kavu chini ya makuti hakuna cha kuokoa. Nikachagua bati.

Kwa bati kumbuka kwamba namba ndogo ndiyo nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kwenye makadirio ya kontrakta iandikwe geji. Neno "mabati" peke yake halina maana.

Kuwaweka kwenye mizani kabla ya kuchagua

Usiombe makadirio kwa simu. Chora banda lako kwenye karatasi, andika urefu, upana, kina cha shimo, aina ya nguzo, paa, na upande wa ukuta. Wape watatu karatasi ileile. Bila hivyo unalinganisha embe na nazi: mmoja amepiga bei ya shimo la futi 2, mwingine la futi 3, na wa bei ya chini anaonekana mwema. Upande wa kuziba, kwa hapa Malindi, ni kusini na mashariki, kwa sababu mvua ya masika inasukumwa na kusi kutoka huko.

Kisha waambie wakupeleke kwenye banda walilojenga zamani. Lililomalizika mwezi uliopita halikufundishi kitu. Taka lililopitiwa na masika mawili. Isukume nguzo kwa bega. Chomeka ncha ya kisu kwenye shingo ya nguzo uone kama inazama. Simama kwenye ncha moja utazame mstari wa mtambaapanya kama umenyooka. Halafu mwenye banda, fundi akiwa kando, umuulize jambo moja tu: ulipomwita arudi, alirudi?

Uliza ofisi ya kaunti kuhusu kibali kabla ya kuchimba. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inaiweka ruhusa ya ujenzi mikononi mwa kaunti, na kwetu hiyo ni Kilifi. Kontrakta mzuri atakuuliza kibali kabla hujamuuliza bei. Fundi wa leba hatakuuliza. Hilo ni lako.

Pesa itoke vipi

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa kuliko mahali pengine popote. Nililipa kwa tarehe, si kwa kazi. Tuseme leba mmepatana shilingi 100,000. Hivi ndivyo nilivyogawa mara ya pili: arbuni asilimia 20 vijana wakifika na vyombo, asilimia 30 nguzo zote zikisimama, zimepigwa timazi na zege limekauka, asilimia 25 kenchi na mbao za paa zikifungwa, asilimia 15 paa likimalizika, na asilimia 10 ikabaki mpaka masika ipite. Mzee wa Ganda hakuipenda hiyo ya mwisho. Tulizungumza, tukakubaliana ibaki miezi mitatu, ilimradi masika iwe ndani yake. Nilipomlipa niliongeza kidogo, kwa kuwa banda halikuwa na tone la maji.

Kwa kontrakta mgawo ni huohuo, ila arbuni huwa kubwa maana ananunua vifaa. Badala ya kumpa nusu ya pesa mkononi, lipeni vifaa vya hatua ya kwanza moja kwa moja dukani, risiti ikiwa na jina lako. Mkataba uwe wa ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili mnachokielewa wote, na mashahidi wawili. Malipo yapite kwenye M-Pesa au benki ili yaache alama. Mkikosana kuhusu pesa isiyozidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekewa siku 60 za kumaliza shauri, na huko karatasi ndiyo inayosema.

Nani amchukue nani

Kama uko Malindi, au unaweza kuja kukaa siku nne tano, na una subira ya kuzunguka madukani: mchukue fundi wa leba, weka tofauti ya pesa kwenye nguzo bora.

Kama uko Nairobi, Jeddah au Doha, mlipe kontrakta aliyesajiliwa na usihuzunikie gharama. Huko mbali ulipo, ile faida yake ndiyo macho yako. Wengi huona njia ya katikati ni kumwachia ndugu kazi ya kusimamia fundi wa leba. Inawezekana, nami nimeona ikifaulu, lakini mlipe ndugu yako kama unavyomlipa msimamizi, na mpe orodha: picha ya kila shimo utepe ukiwa ndani, picha ya mguu wa kila nguzo kabla haujashuka, picha ya mifuko mitupu ya saruji imehesabiwa. Ami akishazeeka usimpe kazi hii kwa heshima tu. Atakaa mkekani chini ya mwembe, vijana watamletea chai, na mashimo yatakuwa ya futi moja na nusu.

Kama banda ni la urefu zaidi ya futi 60, au unataka watu walale au wafanye kazi juu kwenye dari, acha mjadala wa fundi na kontrakta kwanza, umtafute mhandisi achore.

Na yeyote utakayemchagua, mzungumzie mapema. Mvua za vuli zinakwisha Desemba hivi, masika inashuka Aprili, na katikati hapo kila mwenye paa linalovuja Malindi anatafuta fundi. Wa makuti ndio wanaojaa kwanza. Mwezi wa Machi unaambiwa subiri. Mzee wangu wa Ganda nilimpelekea mchoro wiki ya kwanza ya Disemba, akachimba shimo la kwanza katikati ya Januari.